Mashine inayoandika faili la mgonjwa: tuijaribuje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu katika kliniki binafsi hapa Arua, Uganda. Mkurugenzi ameletewa programu ya akili bandia: simu inasikiliza mimi na mgonjwa tukizungumza, kisha inaandika maelezo ya faili. Muuzaji anaisifu sana. Nimeambiwa niijaribu kabla hawajalipa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwa wagonjwa wako, usianzie kwa mfano wa muuzaji. Mgonjwa wa Arua huanza kwa Kiswahili, akifika kwenye maumivu anarudi Kilugbara, na shangazi aliyemsindikiza anajibu kabla yake. Muulize muuzaji ni mtambo gani unaogeuza sauti kuwa maandishi. Kwa mfano, mtambo wa Whisper wa kampuni ya OpenAI, uliotoka mwaka 2022, una Kiswahili, lakini Kiganda hakimo, sembuse Kilugbara.

Pata ridhaa ya wagonjwa wachache, rekodi, na uandike maelezo yako kabla hujafungua ya mashine. Ukitangulia kusoma yake, sentensi zake safi zitakuteka. Kisha sikiliza sauti upya, maandishi yote mawili yakiwa mbele yako. Tafuta kilichosemwa kikaachwa, na kilichoandikwa bila kusemwa. Hili la pili linanitisha. Watafiti wa Marekani walioichunguza Whisper walieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti viliongezewa maneno ambayo hakuna aliyeyatamka, hasa penye kimya kirefu. Na wagonjwa wetu hunyamaza! Muulize binti kuhusu VVU mama yake akiwa amekaa pale pale, uone atakavyonyamaza.

Kagua kwa ukali dozi, mzio wa dawa, kila "hana" na "sijawahi", na saa. Homa iliyoanza saa mbili usiku isomeke 20:00. Ikiandikwa 02:00, umepoteza saa sita za ugonjwa.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, kwa hiyo uliza sauti inahifadhiwa nchi gani na nani anaisikia. Wakisema inafutwa papo hapo, ni vizuri kwa siri ya mgonjwa, ila wakati wa jaribio hutakuwa na cha kulinganisha. Omba ibaki mpaka umalize.

Sahihi ni yako, si ya mashine. Ikiwa kuisahihisha kunakula muda kuliko kuandika mwenyewe, mwambie mkurugenzi asilipe.