Tangazo Moja Lilivyoipoteza YouTube

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 2008 Pakistan iliifungia YouTube ndani ya mipaka yake, kisha tovuti hiyo ikapotea hata katika nchi nyingine. Amri ya nchi moja ilizifikiaje nyingine? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Amri haikuvuka mpaka, ndugu msomaji; kilichovuka ni tangazo. Intaneti ni maelfu ya mitandao inayojitegemea, ya kampuni za simu, vyuo na benki, na kila mmoja huiarifu mitandao jirani ni anwani zipi (yaani namba za kompyuta kwenye intaneti) zinazofikika kupitia kwake, nayo hiyo hupeleka habari mbele. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayobeba matangazo hayo ni BGP, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1989, enzi ambazo mitandao ilikuwa michache na iliaminiana, kwa hiyo haikupewa namna ya kuhakiki kama anayetangaza anwani ndiye mwenyewe.

Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilijitangaza kuwa njia ya kufikia anwani 256 za YouTube, ikikusudia kuyanasa na kuyatupa maombi ya wateja wa nchini tu. Tangazo likavuja hadi kampuni ya PCCW ya Hong Kong, iliyokuwa ikiiunganisha na dunia, nayo ikalisambaza bila kulichuja. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza fungu zima la anwani 1,024, zikiwamo hizo 256, na kwa kanuni ya ruta, vifaa vinavyoelekeza data, fungu dogo hushinda kubwa, kama vile aendaye Kariakoo anavyofuata kibao cha Kariakoo na kuacha cha Ilala. Ruta za mbali zilipotea, basi, kwa kutii kanuni. YouTube ilijitetea kwa kutangaza mafungu madogo zaidi, lakini mkasa ulikwisha baada ya saa mbili na zaidi, PCCW ilipoyaondoa matangazo yale.

Siku hizi upo utaratibu wa RPKI, ambao kwa Afrika husimamiwa na AFRINIC ya Mauritius, shirika linalogawa anwani za intaneti barani: mwenye anwani husajili hati ya kidijitali inayotaja mtandao wenye haki ya kuzitangaza. Kosa la aina ile lingenaswa. Hata hivyo hati hiyo huthibitisha chimbuko la tangazo tu, si njia nzima linayopitia; mlaghai anaweza kuiweka namba inayoutambulisha mtandao wa mwenye anwani mwishoni mwa njia na kujipachika katikati. Tena haifai kitu pale mtandao unaopokea usipoikagua, na ndiyo maana ukikutana na mafundi wa kampuni inayokuuzia intaneti, usiishie kuwauliza kama wamesajili anwani zao. Waulize pia kama huyakataa matangazo batili ya wengine.