Requiescat au requiescet? Chunga irabu hiyo moja

Msomaji ameniletea maneno ya Kilatini anayotaka yachongwe kwenye jiwe la kaburi: requiescet in pace (in pace ni "kwa amani"). Mwambie fundi aweke tindo chini kwanza! Requiescet maana yake "atapumzika". Dua imegeuka taarifa. Anayemwombea marehemu apumzike huandika requiescat.

Kinachotuponza ni mazoea ya Kiswahili. Kwetu a ya mwisho hugeuka e: anasoma, asome. Kilatini kina makundi manne ya vitenzi, nacho hufanya hivyo kwa kundi la kwanza peke yake, vitenzi ambavyo kitenzi-jina chake huishia -are: amat, anapenda, amet, apende. Makundi mengine yote hutaka a, na ile e uliyoizoea, ukiiweka kwenye kundi la tatu au la nne, inakupa wakati ujao.

Basi fungua kamusi kabla hujagusa irabu. Ukikuta kitenzi-jina kinaishia -ere usiishie hapo, tazama nafsi ya kwanza. Moneo, naonya, yenye -eo, ni kundi la pili: e inabaki, a inaifuata, moneat. Wengi huandika monat; hilo ni kosa. Rego, natawala, yenye -o tupu, ni la tatu: regat. Capio, nachukua, nayo ni ya la tatu lakini i yake haidondoki, capiat, sawa na audiat, asikie, ya kundi la nne. Kisha malizia kwa viishio vya nafsi (mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao): -m, -s, -t, -mus, -tis, -nt. Katika kutendwa ni -r, -ris, -tur, -mur, -mini, -ntur.

Regam itakusumbua, kwa sababu ni "nitatawala" na pia "nitawale". Muktadha ndio uamuzi. Kuanzia nafsi ya pili njia zinaachana: reges, utatawala, regas, utawale.

Sala ya Baba Yetu inaonyesha haya vizuri kuliko jedwali lolote. Litukuzwe, ufike, lifanyike: kwetu zote ni e. Kwa Kilatini ni sanctificetur, kwa kuwa sanctificare ni kundi la kwanza, halafu adveniat, kutoka advenire ya kundi la nne, halafu fiat.

Vya kukariri, visivyofuata kanuni hiyo, ni vichache: sim (niwe), sis, sit, simus, sitis, sint, na wenzake wa i, yaani possim (niweze), velim (nitake), nolim (nisitake), malim (nipendelee).

Na kama kaburi ni la watu wawili, fundi achonge requiescant.