Kutaniana mke na mume kuhusu uzazi: je, ni kumkosea Allah?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Tuna watoto wanne, na mimi na mume wangu tumekubaliana watoshe. Tangu hapo tunataniana. Yeye husema "kiwanda kimefungwa," nami humjibu kuwa mbona mlinzi haachi zamu. Juzi akaongeza: "Hata iweje, wa tano hapatikani!" Nikacheka, kisha moyo ukaniuma. Je, tumekufuru?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Hapana dada yangu, hamjakufuru. Na hilo la mlinzi limenichekesha hata mimi.

Utani wa wanandoa ni katika kuishi kwa wema. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha, akashindwa, baadaye Bi Aisha aliponenepa, akamshinda, akamwambia: "Hii ni kwa ile."

Kupanga uzazi kwa kuridhiana kuna nafasi katika sheria. Jabir (r.a.), sahaba wa Mtume, amesema walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, huku Qur'ani ikiteremka. Kufunga kizazi moja kwa moja ni jambo jingine: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilikataza isipokuwa kwa dharura. Hukusema mmetumia njia gani, kwa hiyo siingii huko.

Sasa hilo neno "hata iweje." Bwana mmoja alimwendea Mtume kuhusu kijakazi wake ambaye hakutaka ashike mimba. Akaambiwa: "Mfanyie azl ukitaka, lakini litamfikia alilokadiriwa." Akakaa muda, akarudi: yule kijakazi ana mimba! Mtume akamwambia: "Nilikwambia kuwa litamfikia alilokadiriwa." Tazama, hakukatazwa kujizuia, ila hakuachiwa adhani kwamba kwa kujizuia amefunga mlango wa Mola wake. Mumeo hakukusudia kupinga qadari, ulimi ulikimbia tu. Aseme astaghfirullah, na siku nyingine atie "inshallah" humo humo ndani ya utani. Wala hautapoa.

Mimi ninaloliogopea zaidi hukuliuliza: utani huo mnaufanyia wapi? Mtume amekemea vikali mtu anayetoa nje siri za kitandani. Tena barazani huenda amekaa mtu aliyeomba mtoto miaka kumi hajapata, naye atacheka nanyi kwa adabu tu. Kiwanda na mlinzi wake vibaki chumbani.

Wallahu a'lam.