Kabla ya kwenda Ujerumani, fuata barua zako za kazi

Tangazo la nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Ujerumani huwa na mstari mfupi ambao wengi tunaupita haraka: "E 13 TV-L, 100 %". Hata mimi niliupita. Macho yangu yalikuwa kwenye mada ya mradi na siku ya mwisho ya kutuma maombi.

E 13 ni daraja la mshahara, na TV-L ni mkataba wa pamoja wa ajira za watumishi wa majimbo (jimbo la Hesse lina mkataba wake, unaofanana na huo). Asilimia 100 ni ajira ya muda wote. Ukiona 50 au 65, na mshahara unapungua hivyo hivyo. Ila ndani ya E 13 kuna ngazi, wenyewe wanaziita Stufe, na tangazo haliziandiki. Asiye na uzoefu anaanzia ngazi ya 1. Mwenye uzoefu wa mwaka mmoja unaohusiana na kazi anaingia ya 2, na wa miaka mitatu ya 3. Kati ya ya 1 na ya 3 kuna mamia ya euro kila mwezi.

Nyumbani nilikuwa nimefundisha chuo miaka minne, mhadhiri msaidizi. Nilifika na vyeti vyote, pasipoti na picha. Barua ya mwajiri sikuwa nayo. Mama wa ofisi ya utumishi aliniuliza kama nina uthibitisho wa kazi za nyuma, nikajibu sina, nikawekwa ngazi ya 1.

Mwezi wangu wa tatu kazini, mwenzangu wa ofisini, Mkameruni, ndiye aliyenifungua macho: kazi ya nyumbani nayo huhesabiwa, ukiwa na barua. Nikampigia karani wa idara yetu nyumbani. Barua ya kwanza ilisema nilikuwa mtumishi mwaminifu na mwenye nidhamu, basi. Haikufaa kitu. Ya pili ilikuwa na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo, vipindi nilivyofundisha, wanafunzi niliowasimamia, utafiti nilioshiriki, sahihi na muhuri. Hiyo ndiyo iliyopokelewa. Mkataba wa TV-L unatoa miezi 6 ya kudai kwa maandishi haki iliyopunjwa. Nilidai mwezi wangu wa tano kazini, nikarekebishiwa ngazi na kulipwa malimbikizo.

Neno jingine la kutafuta ni "befristet": ajira ina tarehe ya kuisha. Sheria inaruhusu mikataba ya namna hiyo kwa miaka 6 hivi baada ya uzamivu, kwa hiyo uliza mapema mradi una fedha za muda gani.

Kama tangazo la fani yako halionekani, usikae kusubiri. Taasisi ya Alexander von Humboldt inafadhili watafiti wanaokwenda na wazo lao, na kwa nafasi za baada ya uzamivu, uzamivu uwe haujapita miaka 4, lakini lazima profesa wa huko akubali kukupokea. Mwandikie aya mbili tu: kazi yake ipi umeisoma, na wewe utafanya nini mwaka wa kwanza. Historia ya maisha iache kwenye wasifu.

Na ile barua ya mwajiri, ndugu yangu, iombe wiki hii, wakati karani anayekufahamu bado yupo mezani kwake.