Wapenzi Katika Riwaya Hawanigusi: Kasoro Ni Yangu?

SWALI: Mwalimu, assalamu aleikum. Mimi ni msomaji wenu wa mtaa wa Langoni, Lamu. Tuko wanawake kadhaa tunaokutana baada ya alasiri kusoma riwaya pamoja, na sasa tumeshika ya mapenzi ambayo wenzangu wameililia. Mimi nimevuka nusu yake bila kuguswa. Msichana anasifiwa macho, nywele na sauti. Kijana anasifiwa fedha na boti lake la kifahari. Na walipotengana kwa sababu ya barua iliyopotea, sikuona uchungu wowote. Aliyenivutia ni bibi yake kijana, anayekaanga mahamri alfajiri na kuficha deni la unga ili mjukuu asijue. Je, kasoro ni yangu? Niiache?

JIBU: Waaleikumu salaam, binti yangu. Kasoro si yako, na jibu umelitoa mwenyewe ulipomtaja bibi. Katika hayo uliyoyaeleza hamna sifa hata moja ya sura yake. Mna jambo analolitaka, ambalo ni kumlinda mjukuu, na mna deni analolibeba peke yake, kwa hiyo kila anapoinama kwenye karai la mafuta msomaji ana hofu kwamba leo huenda mwenye duka akaja kudai. Wapenzi wawili wamepambwa kwa sifa, lakini hawakupewa shida wala shauku yao wenyewe.

Mimi naamini kwamba mapenzi peke yake hayatoshi kumfunga msomaji kwa mhusika, hata katika riwaya ya mapenzi, kwa sababu mtu asiyekuwa na maisha yoyote kabla ya kupenda hana pia cha kupoteza anapopenda. Mtazame Yasmini katika *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Tunamjua kwanza kama msichana aliyeozwa mume mzee asiyemtaka, akamkimbia, akakataliwa na jamaa zake. Anapompenda Denge tayari tunazijua njaa na upweke anaotoka nao. Denge naye ana harakati za kupinga ukoloni zinazoweza kumwondoa wakati wowote, hivyo kila wanapokutana tunajua kwamba mkutano huo una gharama.

Barua iliyopotea ni kikwazo dhaifu. Mtu mmoja angeweza kuvuka mtaa, akabisha hodi, na kisa kikaisha. Lau kijana angeipata barua hiyo, akaisoma, kisha akaitia mfukoni kwa kumwogopa baba yake, tungekuwa na la kumlaumu, na pengine la kumhurumia, maana kutengana kungetokana na tabia yake mwenyewe. Wala si lazima umpende mhusika ndipo akuguse. Wako wakaidi na waoga tunaowafuata hadi ukurasa wa mwisho kwa sababu tunaelewa wanachokiogopa.

Wenzako waliolia usiwabishie. Msomaji huweza kuliziba pengo la mwandishi kwa kumbukumbu zake, na aliyewahi kuvunjikiwa uchumba hahitaji kuelezwa mengi.

Kuhusu kuiacha, nakushauri usome sura mbili zaidi ukitafuta mambo mawili tu: msichana huyu alikuwa akishughulika na nini siku moja kabla ya kumwona kijana, na kila mmoja wao atapoteza nini akimchagua mwenzake. Ukiyapata hata kwa kuchelewa, endelea, kwani wako waandishi wanaoanza kwa mapambo kisha wakaingia ndani. Usipoyapata, una hiari ya kusoma kurasa za bibi pekee, au kukirejesha kitabu kwa mwenyewe bila kuona haya. Na mtakapokutana tena, waombe wenzako kila mmoja ataje tendo moja la msichana na moja la kijana lililomliza, si sifa zao. Huenda wakakuonyesha ukurasa ulioupita kwa haraka.