Usahaulifu wa uzeeni: maswali yenu na majibu

Nina umri wa miaka 63. Majina ya watu hunipotea, kisha baada ya nusu saa huja yenyewe. Je, ndio mwanzo wa ugonjwa?

Jina linalokuja lenyewe halikupotea, limechelewa tu. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyaandaa yahifadhiwe, husinyaa kadiri mtu anavyozeeka, takriban asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka, na mawasiliano kati ya seli za neva hupungua kasi. Kusahau ulipoweka funguo ni jambo la kawaida. Kuzishika mkononi usijue ni za kazi gani ndiko kunakohitaji daktari.

Mama yetu huuliza swali lilelile mara tano ndani ya robo saa. Ndugu zangu wanasema ni uzee, tumwache.

Msimwache, tafadhali. Huenda ni ugonjwa ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, ambapo protini ya beta-amiloidi hurundikana nje ya seli za ubongo, na nyingine iitwayo tau hujisokota ndani yake, hadi seli zenyewe zikafa. Lakini huenda pia si huo, na hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa mapema mno. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayotoa homoni kidogo, sonona, na hata usikivu uliofifia, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza kumbukumbu, na vyote vina tiba au nafuu. Vilevile, mwendapo kwa daktari, chukueni kila dawa anayotumia, pamoja na zile alizojinunulia mwenyewe, mkazipange mezani mbele yake. Baadhi ya dawa za mzio zinazoleta usingizi, na za kutuliza kibofu, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huihitaji ili kukumbuka. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kubadilishiwa dawa moja kunaweza kumrudishia utambuzi wake, ila asiache dawa yoyote bila ushauri.

Kuna dawa ya Alzheimer?

Ya kuponya, hapana. Donepezili, inayotumika tangu miaka ya 1990, huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, hivyo hupunguza dalili kwa muda. Lekanemabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi yenyewe: katika jaribio la miezi 18 lililohusisha watu wapatao 1,800 walio katika hatua za mwanzo, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Haikumrudishia mtu kumbukumbu zilizokwisha kwenda, na kwa kuwa inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu, mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara. Naiona kuwa hatua ya kweli, ingawa ni fupi.

Vidonge vya majani ya ginkgo vinasaidia?

Havizuii ugonjwa huu. Vilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, na matokeo ya mwaka 2008 hayakuonyesha kinga yoyote.

Je, mazoezi?

Hayo ndiyo ningeanza nayo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili kwa mwaka mmoja. Waliojinyoosha viungo tu, hipokampasi zao ziliendelea kusinyaa. Waliotembea kwa kasi dakika 40, mara 3 kwa wiki, zao ziliongezeka ukubwa kwa asilimia 2. Nao walianza na dakika 10 tu.