Dawa za kienyeji za Kichina?

SWALI: Natafsiri taarifa kuhusu sera ya China. Niliandika: "Serikali inakusudia kuendeleza na kuboresha viwanda vya dawa za kienyeji za Kichina." Mhariri amefuta "za kienyeji", akaweka "za mitishamba". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hapo hakuna aliyelenga. Kienyeji ni cha wenyeji wa hapa, kama kuku wa kienyeji, tena neno lina harufu ya kudharau. Tiba hii huko China ina vyuo vikuu, hospitali zake na sheria mahsusi iliyoanza kutumika Julai 1, 2017.

Mitishamba nayo haitoshi, ingawa mimea ndiyo mingi. Ejiao, mojawapo ya dawa hizo, hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Ni biashara hiyo ya ngozi iliyowafanya wafugaji wetu Kenya na Tanzania waibiwe punda, hadi Umoja wa Afrika ukapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mwaka 2024. Tena kuna kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, na kuna kuumika. Kuumika tunakujua: wazee wetu walipiga chuku kwa pembe, Wachina leo hutumia vikombe vya kioo. Hapo mgonjwa hanywi dawa yoyote, ila anatibiwa.

Kwa hiyo andika tiba asili ya Kichina. Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, kwa hiyo istilahi imeshazoeleka.

Sasa "viwanda". Kiwanda ni mahali pa kutengenezea bidhaa. Ukiishia hapo umewaacha mkulima wa mimea, mganga, chuo na muuzaji. Sekta inawabeba wote. Tasnia pia ni sahihi, ila mimi napenda sekta kwa taarifa za serikali: "Serikali inakusudia kuendeleza na kuboresha sekta ya tiba asili ya Kichina." Kuendeleza ni kuikuza, kuboresha kunahusu ubora, mathalani kupima mizizi kama ina mabaki ya viuatilifu.

Jihadhari pia na dawa ya China na dawa ya Kichina. Ya kwanza ni yoyote iliyotengenezwa China, hata ikiwa penisilini; ya pili ni ya tiba asili ya Kichina. Artemisinini, inayotumika kutengenezea dawa mseto ya malaria, mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake waliipata kwenye mmea wa pakanga baada ya kupekua vitabu vya kale vya tiba, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ilichujwa, ikapimwa maabara na kujaribiwa kwa wagonjwa, kwa hiyo mimi huiita dawa ya kisasa yenye chimbuko katika tiba asili ya Kichina. Ni maneno mengi, lakini hapo sikubali kufupisha.